Mikono Isiyoogopa Moto

Claudine wa ghorofa ya pili hakuwa mtu wa kunong'ona, lakini siku hiyo alinong'ona. Walikuwa wawili tu, yeye na Evaline, kwenye duka la kufulia nguo, pale kona ya mtaa wao wa Molenbeek, wakingoja mashine zimalize kuzunguka, na bado alitazama mlangoni kwanza.

"Maman Barnaba, nikuulize kintu. Mutoto unaachaka kwa Maman Lucienne. Bon. Umekwisha ingia mu chumba yake ya kulala?"

"Hapana," Evaline alisema. "Nitafute nini chumbani kwa mtu mzima?"

"Voilà. Basi mule iko muzungu mwenye kuoza."

"Nini?"

"Ku ukuta. Picha. Uso imevimba yote, masikio kama uyoga, mukono banafunga na kitambaa. Na Lucienne anamuwashia bougie, ile mushumaa, kila asubuhi. Bwana yangu Onésime aliingia mule kutengeneza chauffage, ile chuma ya joto, alitoka mbio, hata kahawa hakuomba. Na weye unamujua Onésime, haachaka kintu ya bure."

Evaline akacheka kidogo. "Labda ni ndugu wa marehemu mume wake."

"Cheka, cheka tu. Na ile mikono yake? Anatoaka sufuria ku moto bila kitambaa, hata jicho hafungi. Moto inatuunguza siye bote, yeye inamuacha. Alors, njo muntu wa namna gani? Ule mama, moto inamujua." Claudine akajifunga upya kitenge chake juu ya suruali. "Mi nasema tu. Mutoto ni wako."

Nguo za Barnaba zilikuwa zinazunguka nyuma ya kioo, visoksi vyake vikipanda na kushuka. Evaline alivitazama mpaka mashine ikasimama, na yale maneno ya mwisho hayakumtoka. Mtoto ni wako.

Alikuwa mtoto wake wa kwanza, ndiyo kwanza anaanza kusimama kwa kushika viti, anaanguka kwa makalio na kushangaa nani kamsukuma. Na Evaline hakuwa na mama wala shangazi katika mji huu. Alitoka Karema, Tanzania, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Alimaliza darasa la saba, hakwenda mbele, akaolewa na John, na John akapata kazi ya upishi nyumbani kwa mwanadiplomasia mmoja kule Auderghem. Yeye mwenyewe alisafisha ofisi karibu na Porte de Namur, asubuhi na mapema, kabla wenye meza zao hawajafika. Kazi hiyo aliweza kuishika kwa sababu moja tu. Ghorofa ya kwanza, chini yao, aliishi Maman Lucienne, na Maman Lucienne alimpokea mtoto kungali giza, akiwa amekwisha kuvaa na kusali, amesimama mlangoni kama anayengoja mgeni wa heshima.

Walijuana kanisani, baada ya Misa ya Kiswahili. Mama mfupi, mnene, mwenye kofia ya sufi, alimshika bega kwenye ngazi.

"Unatoka wapi, mutoto yangu?"

"Karema, mama. Hutapajua."

"Mi sijue Karema?" Akapiga makofi mpaka watu wakageuka. "Mi ni muntu wa Mpala! Karema iko mbele yetu, ng'ambo ya maji. Ku kwa munganga Atiman!"

Machozi yalimlenga Evaline palepale. Karema kila mtoto hukua na jina hilo: Adriano Atiman, aliyeibwa akiwa mdogo na kuuzwa utumwani, akakombolewa na mapadri, akasomeshwa udaktari, akafika Karema mwaka 1889, akawatibu watu wa pale mpaka akawa mzee wa mvi. Lakini tangu ashuke kwenye ndege hakuwa amelisikia jina hilo kinywani mwa mtu mwingine. Hapo hapo akampa yule mama mtoto amshike.

Maman Lucienne alizaliwa Mpala, kwenye upande wa Kongo wa ziwa lile lile. Baba yake alikuwa katekista, mtu mwembamba mwenye koti moja, ambaye jioni hakuwasimulia watoto wake habari za sungura. Aliwasimulia habari za watu wa karne ile iliyopita, na aliwataja kana kwamba walikaa mtaa mmoja. Mwaka 1885, alisema, mapadri wanapokea boma la Karema na boma la Mpala. Mwaka wa pili yake, kule Buganda, Karoli Lwanga na vijana wenzake wanafungwa kwenye mafungu ya matete na kuchomwa moto, na wanakufa wakisali. Miaka hiyo hiyo, kwenye kisiwa cha mbali ambacho hata yeye hakujua kukionyesha, padri mmoja wa Ubelgiji aitwaye Damiani anaishi na wakoma waliotupwa na watu, anawajengea nyumba, anawafunga vidonda, anawachimbia makaburi. "Bote kwa wakati moja," baba alimalizia kila mara. "Mungu alikuwa anaita, na bantu bakaitika. Mi naombaka tu, mu nyumba hii, aite hata moja."

Watoto wengine walisinzia. Lucienne hakusinzia.

Alipopata nguvu za kubeba ndoo, alikwenda kuwasaidia masista kwenye kambi ya wakoma nyuma ya milima. Aliosha miguu isiyo na vidole. Alijifunza kutambua kidonda kwa harufu kabla kitambaa hakijafunguliwa. Alikaa huko mpaka alipoolewa na karani wa reli wa Kalemie. Baadaye karani akafa, vita ikaja, na mtoto wake mmoja, Hervé, akamleta Brussels, akamkalisha katika vyumba viwili vya Molenbeek, kisha yeye mwenyewe akahamia Kanada. Tangu hapo Lucienne alilea watoto wa wenzake. Ukimsikia akiwaimbia, ungedhani hajawahi kupoteza kitu.

Basi huyo ndiye mtu ambaye Claudine alisema moto unamjua.

Evaline hakuuliza kitu. Aliangalia. Ndivyo alivyokuwa tangu shule, mtoto wa dawati la nyuma asiyenyoosha mkono lakini anayejua nani kachukua kalamu ya nani. Jumamosi moja parokia ilifanya sikukuu, na kina mama walipika bukari, ugali wenyewe, kwenye sufuria kubwa uani. Ilipoiva walisogea wakimtafuta Lucienne, kwa kuwa ilikuwa desturi yao sasa. Akaja akijifuta mikono, akashika masikio ya sufuria mikono mitupu, akaiinua, akaitua juu ya meza. Kina mama wakapiga vigelegele.

"Maman Chuma!" mmoja akaita. "Ile mikono utuachie urithi!"

"Mutaoza mukingoja," Lucienne akajibu, na wote wakacheka.

Evaline alikuwa karibu, mtoto mgongoni. Katikati ya vigelegele ilimpita harufu, kidogo tu, kama ya kwato inapochomwa. Kisha akaona Lucienne anaingiza mikono yote miwili chini ya aproni na kuiacha humo, akiendelea kutabasamu.

Picha aliiona wiki hiyo hiyo. Lucienne mwenyewe alimtuma chumbani kuchukua blanketi la mtoto, labda alisahau, labda hakusahau. Ilikuwa juu ya kitanda, kwenye fremu ya mbao: mwanamume wa Kizungu mwenye miwani, ngozi ya uso imejaa mafundo, sikio limevimba, mkono mmoja umening'inizwa kwenye kitambaa. Chini yake mshumaa ulikuwa umezimika. Claudine hakuwa ameongeza chumvi, na hilo ndilo lililomtisha Evaline zaidi. Akatoka na blanketi amelikumbatia.

"Umemuona," Lucienne alisema bila kugeuka.

"Nimemwona, mama. Ni nani?"

"Njo Damiani. Picha banamupiga karibu na kufa. Claudine anasema ni fétiche, kintu ya uchawi, si ndiyo? Mwambie mwezi ya kumi Baba Mutakatifu anamutangaza kule Roma, alors yeye njo atamuwashia bougie." Akacheka, akampangusa Barnaba pua. Halafu akakaa, mtoto mapajani, na sauti yake ikashuka ikawa ya baba yake. "Unajua vile alijua? Alikuwa pale na wagonjwa miaka mingi, muzima. Jioni moja amechoka, anataka kuosha muguu. Banamuletea maji. Maji ilikuwa ya kuchemka, lakini hakuna mwenye alimwambia. Akaingiza muguu. Ngozi ikatoka, mutoto yangu, ikaanza kutoka mbele ya macho yake, na hakusikia kintu. Kintu! Njo pale alijua amekuwa mumoja wao." Akamtazama Evaline kwa furaha ambayo Evaline hakuielewa. "Hakulia. Tangu zamani alikuwa anawaambia, siye wakoma. Sasa ikawa kweli."

Barnaba alicheka peke yake, akishika kidole cha mwisho cha mkono wa yule mama. Kidole kilikuwa kimepinda kuelekea kiganjani. Mtoto alikuwa anakiuma kwa vijino vyake viwili vipya, anakiuma kwa nguvu zote, na Lucienne anaendelea kuongea.

Mwezi wa kumi ukafika, mwaka 2009, na Roma ikamtangaza Damiani mtakatifu. Jumapili iliyofuata kulikuwa na Misa ya shukrani kwenye Basilika ya Koekelberg. Lucienne alikataa tramu. Alisema padri Damiani hakupanda tramu. Basi walikwenda kwa miguu kikundi kizima cha Misa ya Kiswahili, kwenye ile barabara ndefu inayopanda, upepo ukiwapiga usoni, na yule mama alitangulia mbele akiimba, vijana wakihema nyuma yake. Hata Claudine alisema, "Ule si mama, ule ni camion, ni lori."

Waliporudi, Evaline aliingia kwa yule mama kuchemsha chai. Lucienne alikaa kwenye kochi akavua viatu. Barnaba alitambaa mpaka miguuni pake na kusimama, na Evaline aliposhusha macho kumwangalia asianguke, aliona soksi ya mguu wa kulia. Ilikuwa imeloa, nyeusi.

"Mama, umeumia."

"Wapi?"

Evaline akapiga magoti. Akainua kiatu, akakitikisa, na kitu kikadondoka sakafuni na kubingirika: gurudumu la kigari cha Barnaba, la plastiki ngumu, lenye kipini cha chuma kilichotokeza upande. Walikuwa wamelitafuta chini ya makochi tangu juzi. Yule mama alikuwa amelikanyaga kwenda na kurudi, kipini kimeingia chini ya wayo, na alikuwa akiimba.

"Niliona tu kiatu inanibana," Lucienne alisema.

Lakini Evaline alikuwa ameuona uso wake. Haukuwa uso wa mtu aliyeumia. Ulikuwa uso wa mtu aliyekutwa.

Aliosha kile kidonda na kukifunga, naye Lucienne akamwelekeza namna ya kupitisha kitambaa, kwa ufundi wa zamani. Evaline alipanda ngazi na mtoto wake. Jioni alimwambia John kuhusu gurudumu.

"Mtafutie mtoto mtu mwingine," John alisema.

"Nani? Hata wewe hujui nani."

"Basi acha kazi."

"Na kodi ya nyumba utalipa na ile supu ya balozi?"

John hakucheka. "Kuna kitu pale, mama Barnaba. Wewe mwenyewe umekiona, unaogopa kukitaja."

Ilikuwa kweli. Alikuwa na jina la ugonjwa huo tayari, maana alipokuwa msichana Karema jirani yao mzee Zakayo alikuwa nao, na watoto walilitamka jina hilo wakikimbia. Hakulitamka. Alijiambia kwamba ni uzee, ni sukari, wazee wengi miguu yao hufa ganzi. Kila asubuhi alimkabidhi mtoto gizani pale mlangoni, na kila asubuhi akageuka nyuma mara moja zaidi kabla ya kutoka. Katikati ya kufuta meza za ofisi alisimama ghafla, kitambaa mkononi, bila kujua kwa nini.

Claudine naye hakulala. Alimshika kwenye ngazi Jumatano. "Samedi, Jumamosi hii, tunashuka kwa Lucienne na ba-maman ba maombi. Tunatoa ile picha, tunaombea ile nyumba. Akikataa, tunaita mwenye nyumba. Hii immeuble, hii nyumba yote, iko na batoto."

"Msifanye hivyo, dada."

"Basi weye unajua kintu, unatuficha." Claudine akamtazama kwa muda. "Eh. Kweli unajua."

Alhamisi ofisi zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya mafundi wa umeme, na Evaline akarudi mapema. Jengo lilikuwa halina maji ya moto tangu jana yake, mtambo umekufa. Alisukuma mlango wa Lucienne, ambao haukufungwa, akasikia wimbo kutoka bafuni. Birika kubwa lilikuwa tupu juu ya jiko. Kioo cha mlango wa bafu kilikuwa kinatoka jasho.

Hakukimbia. Baadaye alijiuliza kwa nini hakukimbia. Alitembea tu, akafungua ule mlango.

Lucienne alikuwa amepiga magoti kando ya beseni, mikono ya gauni imekunjwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya maji mpaka juu ya kifundo, unayazungusha polepole kama mama yeyote anavyopima maji ya mtoto. Barnaba alikuwa uchi kwenye mkono wa kushoto, anarusha miguu kwa furaha.

"Bonjour, maman Barnaba! Umerudi mbio. Tunaoga, tunakuwa safi. Maji iko vuguvugu, muzuri kabisa." Akamshusha mtoto.

Evaline aliingiza mkono wake mwenyewe. Akapiga kelele, akauchomoa, na kwa mkono mwingine akamnyakua mtoto kifuani pa yule mama kwa nguvu hata kichwa cha mtoto kikagonga kidevu chake. Kisigino kimoja kilikuwa kimekwisha kugusa. Kilikuwa chekundu. Barnaba alikaa kimya muda ule wa kutisha ambao mtoto anavuta pumzi, kisha akalia.

Evaline alimweka kisigino chini ya bomba la maji baridi, akimwambia pole, pole, baba, pole, mpaka kilio kikageuka kuwa kwikwi. Ngozi haikutoka. Ilibaki nyekundu tu, kama aliyevaa kiatu cha kubana. Aliitazama tena na tena. Ndipo alipogeuka.

Maman Lucienne hakuwa ameondoka pale chini. Mkono wake ulikuwa bado majini, anautazama kama mkono wa mtu mwingine uliosahauliwa ndani ya beseni. Ngozi juu ya vidole ilikuwa inaanza kunyanyuka.

"Toa mkono, mama," Evaline alisema. "Toa mkono wako!"

Walikaa jikoni. Mkono wa Lucienne ulikuwa umelazwa ndani ya bakuli la maji baridi. Barnaba alikuwa amelala mgongoni mwa mama yake, kwikwi bado zikimshtua usingizini.

"Tangu lini?" Evaline aliuliza.

"Muguu, zamani. Mikono, mbele ya Noeli ile imepita. Kidole hii ya mwisho kwanza, kisha ndugu yake."

"Na unajua ni nini."

"Mi njo siwezi kujua? Niliosha bale bantu miaka." Aliangalia kuelekea chumbani, kwenye picha. "Sikiliza, mutoto yangu. Baba aliombaka Mungu aite moja wa nyumba yetu. Ndugu zangu bote bamekufa, hakuna mwenye aliitwa. Alors, mwaka hii, mwaka Damiani anaitwa mutakatifu, mikono yangu inakufa. Ningesema nini? Nilisema, Bwana ananihesabu pamoja nao. Nilifurahi. Unanisikia? Bamama wanapiga vigelegele ku sufuria, na mi mu roho nasema, hamujui, hamujui mi ni nani sasa. Nilifurahi na hii kintu."

"Na mwanangu naye amehesabiwa?"

Evaline hakuwa amepandisha sauti. Lakini yule mama aliinamisha kichwa kana kwamba amepigwa.

"Ule padri hakuomba kuugua," Evaline aliendelea, akisita, maana hakuwa amezoea kumfundisha mtu mzima dini. "Aliugua kwa sababu alikuwa anawauguza wenzake. Na alipougua alitafuta dawa, sivyo? Wewe mwenyewe uliniambia alijaribu za kila aina."

"Alijaribu. Haikumuponyesha."

"Kwa kuwa wakati ule hapakuwa na ya kuponya. Sasa ipo. Karema kwetu mzee Zakayo alipewa vidonge kwenye zahanati, vya rangi rangi, kwenye karatasi ngumu. Alikunywa mwaka mzima akapona. Vidole vilivyokufa havikurudi, lakini vilivyobaki vilibaki, na watu walikula naye." Akavuta pumzi. "Mama, mkumbuke na Atiman wetu. Atiman aliitwa naye, lakini kazi yake ilikuwa nini? Dawa. Ungemfikia leo na mikono hii, angekwambia umehesabiwa?"

Kitu kama kicheko kikamtoka Lucienne puani. "Angenigombeza mpaka Mpala basikie."

"Basi."

"Basi." Aliutoa mkono bakulini, akautazama pande zote. "Nitaenda. Kesho. Utanipeleka?"

"Nitakupeleka. Nitaomba ruhusa."

"Na Barnaba?"

Hili ndilo Evaline alilokuwa analiogopa tangu siku ile ya duka la kufulia. Alisikia mgongo ukipata joto la mtoto. "Sitamwacha tena kwako, mama. Sio kwa sababu ya ugonjwa. Kwa sababu ya moto. Nitamleta, nitakaa naye hapa, utamwimbia. Lakini kuwaacha peke yenu, hapana."

Yule mama alitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nje, kwenye ngazi, mtu alipita, akasimama mbele ya mlango wao, akasikiliza, akaendelea kupanda. Hatua zilikuwa za Claudine. Wote wawili walizijua.

"Samedi banakuja," Lucienne alisema. "Nimesikia. Banasema mi ni ndoki, muchawi. Bon. Ndoki ilikuwa rahisi. Ile kweli yenyewe njo bataogopa zaidi." Kisha akaondoa bakuli na vikombe, akapangusa meza kwa kiwiko, akaiweka mikono yake yote miwili juu yake, viganja chini, vidole vimetanuliwa kadiri vilivyokubali. "Iko pamba ya mutoto? Kwa begi yako?"

"Ipo."

"Ku kambi masista walifanyaka na nyoya ya kuku. Unamwambia mugonjwa afunge macho. Unamugusa polepole, hapa, hapa, yeye anasema ndiyo. Penye hasemi ndiyo, unajua. Kesho daktari atanifanya vile. Muzungu, hanijui, atajua mwili yangu mbele yangu mimi. Sitaki. Mi mwenyewe sijafanyaka, tangu ianze, niliogopa kuhesabu. Nataka muntu wa ziwa yetu njo aniambie kwanza."

Akafumba macho.

Evaline alifungua begi la mtoto, akavuta pamba, akaisokota ikawa na ncha nyembamba. Alianza na kidole kile kilichopinda, cha mkono wa kushoto usioungua, akapanda mgongo wa mkono, akashuka kwenye cha pili yake. Yule mama alikaa wima kama msichana siku ya kipaimara, uso ameuinua, anasikiliza. Evaline aliiacha pamba. Akakishika kile kidole kwa vidole vyake mwenyewe, akakibana, akakibana zaidi, mpaka ukucha wake ukageuka mweupe. Dirisha lilikuwa limeanza kuingia giza la mchana wa mvua. Mgongoni Barnaba alivuta kwikwi ya mwisho.

"Usiniogope, mutoto yangu," Maman Lucienne akasema, macho yakiwa bado yamefumbwa. "Anza sasa."